Usaili Unaopita Misigiri Bila Kusimama

Misigiri si mahali ambapo watalii huulizia. Ni njia panda katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza. Anayekwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya, hukunja kulia hapo. Anayenyoosha hufika mlima Sekenke, upande ambako Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, kisha huteremka hadi Shelui na tambarare za Wembere, akaendelea Igunga na Nzega. Mabasi ya Mwanza hupita Misigiri mchana. Malori ya Kigali, Bujumbura na Kongo hupita saa zote.

Nilikwenda huko mwezi Juni, alizeti zikiwa zimeshavunwa na upepo wa Singida ukiwa umepamba moto. Kutoka Singida mjini majabali hukusindikiza pande zote mbili za barabara, mengine yamebebana kwa namna inayomfanya mgeni ajiulize yameshikiliwa na nini. Kila nyumba ya pili ilikuwa na turubai uani, na juu ya turubai watu wanapura alizeti kwa fimbo. Tulipopita Iguguno konda alianza kukusanya tiketi zetu. Baada ya muda akapaza sauti, "Misigiri kuna mtu?" Tulishuka wawili tu, mimi na mama mmoja mwenye dumu tupu la mafuta.

Safari yangu ilikuwa na sababu. Binamu yangu anafundisha shule ya msingi iliyo ndani kidogo kutoka barabarani, na alinipigia simu kunialika nikaone kwaya yake ikijiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na taaluma ya shule za msingi. Alijua udhaifu wangu. Kwa miaka mingi nimeyafuatilia mashindano ya kuimba ya kwenye televisheni, hasa yale yanayokutanisha vijana wa nchi mbalimbali, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini Watanzania tunaondoka mara nyingi mikono mitupu ilhali tunaimba tangu tukiwa mgongoni.

Nilipofika ilikuwa saa saba, watoto bado wako darasani. Nikaingia kwa mama lishe mmoja kando ya njia panda. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na mlenda, au wali kwa kuku wa kienyeji kwa mwenye uwezo. Ukutani kulikuwa na televisheni na king'amuzi, na kwenye kiti cha plastiki karibu yangu aliketi dereva wa lori la Rwanda, akila taratibu kama mtu ambaye safari yake haina haraka ya dakika.

Runinga ilikuwa ikionyesha muziki. Nikamuuliza mama lishe kama aliwahi kuangalia mashindano ya kuimba.

"Yale ya Waganda?" akaniuliza. "Wale watoto wawili, kaka na dada yake, walioimba nyimbo za Mungu mpaka majaji wakalia? Niliyaangalia yote, kaka. Jumapili jioni nilikuwa sipiki mpaka yaishe."

Alikuwa akizungumzia East Africa's Got Talent ya mwaka 2019. Lilikuwa shindano la nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na huku kwetu lilirushwa na Clouds TV. Mshereheshaji alikuwa mchekeshaji wa Uganda, Anne Kansiime. Kwenye meza ya majaji walikaa Jeff Koinange wa Kenya, Gaetano Kagwa wa Uganda, Makeda Mahadeo kwa upande wa Rwanda na Vanessa Mdee wetu. Oktoba mwaka huo Esther na Ezekiel Mutesasira, watoto wa Uganda, waliibuka washindi na kuondoka na dola 50,000 za Marekani.

"Na wa Tanzania?" nikauliza.

Mama lishe akageuza sufuria. "Wa kwetu sikumbuki."

Dereva wa lori akacheka kwa adabu. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kizuri, chenye lafudhi ya Kigali. "Mzee, sisi tulikuwa na Alpha," akasema. "Nilikuwa bado kijana. Mtaa mzima tulitafuta vocha."

Alpha ni Alpha Rwirangira, mshindi wa Tusker Project Fame mwaka 2009. Shindano hilo liliwakusanya vijana wa Afrika Mashariki katika nyumba moja jijini Nairobi, wakaishi pamoja wakifundishwa sauti na jukwaa, huku kamera zikiwatazama. Mwisho wa wiki waliimba mbele ya majaji, akiwemo Ian Mbugua aliyeogopwa kwa ulimi wake, na waliokuwa hatarini kutoka waliokolewa kwa kura za simu. Mshindi wa kwanza, mwaka 2006, alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Akafuata Esther Nabaasa wa Uganda mwaka 2008, Alpha wa Rwanda, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Katika majina hayo sita, Tanzania haimo. Aliyekaribia zaidi ni Peter Msechu, aliyeshika nafasi ya pili mwaka 2010.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria mlangoni alidakia kwamba kosa ni letu, Watanzania hatupigi kura, kila mtu anasubiri mwenzake anunue vocha. Dereva akamjibu kwamba Wanyarwanda ni wachache kuliko sisi. Mabishano yakanoga. Mimi nilikaa kimya, kwa kuwa sikuamini kwamba tatizo ni vocha. Yule wa bodaboda alisema jambo jingine wakati akiwasha pikipiki, na hilo ndilo nililoondoka nalo: "Halafu hata hao wanaokwenda wanatoka wapi? Umewahi kusikia usaili umefika Iramba?"

Hajawahi kusikia, na mimi pia. Bongo Star Search, shindano letu la nyumbani lililoibua kina Peter Msechu, Walter Chilambo aliyeshinda mwaka 2012 na kuchukua shilingi milioni 50, na Kayumba Juma wa mwaka 2015, limefanya usaili katika miji mikubwa. Dodoma imo, Mwanza imo. Ukiangalia barabara utaona kichekesho cha jambo lenyewe. Gari la watu wa usaili likitoka Dodoma kwenda Mwanza kwa lami hii, linapita mbele ya mgahawa huu. Linapunguza mwendo kwenye matuta, watoto wanalipungia mkono, linaendelea zake kuteremka Sekenke. Mtoto wa hapa anayetaka kusikilizwa inabidi apande basi, apate pa kulala mjini, asimame kwenye foleni alfajiri, aimbe kwa sekunde chache, na pengine arudi usiku uleule. Nauli peke yake inaondoa wengi kabla jaji hajasema neno.

Shuleni nilifika saa tisa. Watoto walinisalimia kwa pamoja, "Shikamoo mgeni!" kwa ile sauti ya kuvuta inayofanana katika shule zote za msingi za Tanzania. Binamu yangu alikuwa amewapanga mstari wa nusu duara chini ya mti. Hakuna kinanda. Alikuwa na programu ya kinanda kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza nota moja, akaisogeza simu sikioni mwa kila kundi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye shina, na juu yake nota zimeandikwa kwa herufi za solfa, d, r, m, na vistari na nukta katikati. Ngoma ilikuwa ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Kayamba lilikuwa halisi, limetengenezwa na baba wa mwanafunzi mmoja.

Wimbo ulihusu miti na maji, mada ya kawaida ya kwaya za shule. Ulitungwa na mwalimu mwenyewe, beti za Kiswahili na kiitikio chenye mwendo wa Kinyiramba. Aliyeanzisha alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, sweta lake limechanika kiwiko. Alipofungua mdomo mara ya kwanza alianza juu mno. Mwalimu akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Usiifuate sauti koo linapotaka," akamwambia. "Pumua kutoka hapa." Akajigusa chini ya mbavu. "Kisha subiri. Wimbo haukimbii."

Msichana akapumua. Niliona mabega yake, mara ya kwanza yalipanda, mara ya pili yakatulia na tumbo ndilo lililosogea. Akaanza tena, chini kidogo. Sauti ilitoka pana, bila kutetemeka, ikashika neno la mwisho la mstari na kulibeba mpaka kwaya nzima ilipoingia chini yake. Mvulana wa sauti ya tatu alichelewa kuingia kwa nusu pigo, mwenzake akamkanyaga mguu, akaingia. Waliurudia mstari ule mpaka hakuna aliyehitaji kukanyagwa.

Nimekaa kwenye kumbi za usaili nikasikia vijana wakiimba nyimbo za Wamarekani kwa maneno wasiyoyajua maana. Hapa chini ya mti nilisikia watoto wakiimba sauti tatu kwa nota, wimbo wao wenyewe, kwa lugha zao mbili. Mafunzo ambayo ile nyumba ya Nairobi iliyatoa kwa wiki chache mbele ya kamera, hawa wanayapata kwa miaka, bila kamera.

Wanayapata wapi? Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gogo akiangalia mazoezi ndiye aliyenijibu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea nafasi. Alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani kwa miaka mingi. Ulutheri uliingia Iramba na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja nao vitabu vya nyimbo na solfa. "Babu zetu walikuwa wanajua kuimba kabla ya hapo," akasema, "ila kuandika wimbo kwenye karatasi, ili mtu wa Kiomboi auimbe vilevile bila kukusikia, hilo lilikuja na kanisa. Huyu mwalimu unayemwona nilimfundisha mimi. Na yule binti anayeanzisha, bibi yake alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu."

Bibi huyo nilimkuta baadaye nyumbani, akipepeta alizeti. Nilipomwambia kwamba mjukuu wake ana sauti ya kushindana na watoto wa nchi nyingine, hakufurahi mara moja kama nilivyotarajia. Aliuliza maswali. Akienda huko atakosa masomo siku ngapi? Atalala na nani? Akishinda hizo fedha, nani atazishika mpaka akue? Nilipoyafikiria maswali yake niligundua kwamba mengi ya mashindano yetu hayajawahi kuyajibu, kwa sababu hayakutengenezwa kwa ajili ya watoto. Tusker ni bia, na shindano lenye jina la bia haliwezi kumpandisha mtoto jukwaani. East Africa's Got Talent ilipofungua mlango kwa umri wowote, tazama nani aliyeshinda. Watoto.

Kuna mfano mwingine wa aina hiyo. Airtel na Trace walianzisha shindano la Afrika ambalo mshiriki alipiga namba fulani na kuimba kwenye simu yake, popote alipo. Hakuna nauli, hakuna foleni ya alfajiri. Katika fainali ya Afrika ya mwaka 2015, iliyofanyika Kenya, mshindi alikuwa Mtanzania, Mayunga Nalimi, naye akapata nafasi ya kufanya kazi na Akon. Umbali ulipoondolewa, Mtanzania alishinda bara zima. Kikomo cha umri kilipoondolewa, watoto walishinda Afrika Mashariki. Sijui ni ushahidi gani zaidi unahitajika.

Jioni tulikaa na binamu yangu nje ya nyumba yake, upepo ukivuma, chai ikipoa upesi. Nilimsimulia juu ya Junior Eurovision, shindano la kuimba la watoto wa Ulaya, ambalo yeye alikuwa hajalisikia. Lile shindano kubwa la Eurovision lilianza mwaka 1956, na la watoto likaanza mwaka 2003 mjini Copenhagen, Denmark, likashindwa na mvulana wa Kroatia, Dino Jelusić. Siku hizi washiriki huwa na umri kati ya miaka 9 na 14. Kila nchi huleta wimbo mpya, haiji kuiga wimbo wa mtu mwingine, na sehemu kubwa ya wimbo inatakiwa iwe katika lugha ya nchi hiyo. Matokeo huamuliwa na majaji pamoja na kura za watazamaji, na mtazamaji anayepiga kura mtandaoni lazima achague nchi zaidi ya moja, kwa hiyo hawezi kuishia kumbeba mtoto wa kwao tu.

"Nchi ndogo zinashinda?" akauliza.

Malta imeshinda mara mbili, mwaka 2013 na 2015, nayo ni visiwa vyenye watu kama nusu milioni. Mkoa wa Singida peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu takriban milioni mbili.

Akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo mimi mfuatiliaji wa miaka yote sikuwa nimelipa uzito. "Hilo la kwao nani analilipia?"

Hapo ndipo penye siri. Junior Eurovision inamilikiwa na muungano wa vituo vya utangazaji vya umma vya Ulaya. Wadhamini wapo, lakini hawamiliki shindano. Mdhamini akiondoka anakuja mwingine, na shindano linabaki. Kwetu ni kinyume. Tusker Project Fame iliishia na awamu ya sita mwaka 2013. East Africa's Got Talent ilifanyika msimu mmoja. Kila mara tunaanza upya, jina jipya, majaji wapya, usaili kwenye miji ileile, na mtoto aliyekuwa na miaka minane akisubiri zamu yake anakua mtu mzima bila kuiona.

"Na sisi ngazi tunayo," binamu yangu akasema, akihesabu kwa vidole. "Shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kwaya hii ikishinda kata inakwenda Kiomboi. Ikishinda Kiomboi watoto bora wanachaguliwa timu ya mkoa. Kila mwaka. Mwalimu yupo, msimamizi yupo, matron yupo wa kulala na wasichana. Mtoto akikimbia vizuri au akicheza mpira vizuri sekondari, kuna FEASSSA, michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, anakwenda kushindana na Uganda, Kenya na Rwanda. Mwaka 2022 walikuja mpaka Arusha. Anayeimba anaishia taifa. Anapewa cheti, anarudi."

Wenzetu nao wana ngazi zao. Kenya ina tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927, ambalo kwaya za shule hupanda nalo kutoka chini hadi taifa. Uganda ina mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, lililoanzia Kigali mwaka 2013 na kufika Dar es Salaam mwaka 2019. Ngazi zipo kila nchi na ukumbi wa kukutania upo. Kinachokosekana ni kidaraja kimoja cha juu.

Asubuhi nilirudi njia panda kusubiri basi la Mwanza. Mama lishe alinifungashia viazi vitamu vya njiani na kuniuzia chupa ya asali ya Singida. Wakati nasubiri nilihesabu sahani za namba za malori bila kukusudia: Rwanda, Burundi, Tanzania, tena Rwanda, Kongo. Barabara hii ilishaungana na Afrika Mashariki siku nyingi. Vitunguu vya Singida na mafuta yake ya alizeti vinaipita kila siku. Basi likafika, nikapanda, tukateremka Sekenke kwa gia ndogo, Wembere ikafunguka mbele yetu, kavu na pana.

Haya ndiyo ninayowaomba wakuu wa TBC, KBC, UBC na vituo vya umma vya Rwanda na Burundi, pamoja na mawaziri wa elimu na utamaduni wa Jumuiya. Msimsubiri mdhamini awaletee shindano. Anzisheni la watoto, mlimiliki nyinyi, na wadhamini waje kama wageni. Washiriki wachukuliwe kutoka mashindano ya shule yaliyopo, si kwenye foleni za mjini. Kila nchi ilete wimbo mpya, kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Kura ya mtazamaji isikubaliwe mpaka achague zaidi ya nchi moja. Zawadi ya mtoto iwekwe kwenye akaunti ya elimu yake, na ratiba ifuate likizo za shule, ili bibi wa Misigiri apate majibu ya maswali yake kabla ya kusaini fomu. Gharama yake haitazidi ya michezo ambayo tayari tunawasafirisha watoto wetu kwenda kuicheza, na walimu wa kuifanya kazi hiyo wameshaianza, chini ya miti, kwa simu zilizopasuka vioo.